Mkasi wa Hebu Rudia

Mama yangu alimeza dawa ya kushusha sukari, na ugonjwa wa sukari hana. Anaumwa presha. Aliyetoa dawa hiyo ni mwenye duka la dawa la mtaani kwetu. Aliyeipeleka nyumbani ni mimi. Nilisimama pale nikamwona mama anaimeza kwa chai isiyo na sukari, tumbo tupu, maana alisema hajisikii kula. Kisha nikaenda kazini kwangu kutengeneza makochi.

Niseme kwanza dawa zinavyouzwa kwetu. Boksi zima hatununui. Tunanunua vidonge vya siku chache, vikiisha tunarudi. Kwa hiyo ile karatasi ya vidonge, ya kung'aa, ya kubonyeza, hukatwa kwa mkasi, na kipande kinachobaki hurudi kwenye kopo lake kumsubiri mteja mwingine. Jina la dawa limechapwa mgongoni. Ukikata vibaya, kipande kinabaki na nusu ya jina, au bila jina kabisa. Na hizo dawa mbili, ya presha na ya sukari, ni vidonge vidogo, vyeupe, vya duara, vya kiwanda kimoja. Nipangie mezani uniambie kipi ni kipi.

Mwenye duka ni mfamasia, mwanamke wa makamo, anafanya kazi peke yake. Mtaa mzima tunamwita Hebu Rudia, kwa sababu hakupi dawa ukaondoka hivi hivi. Anaushikilia mfuko mpaka umrudishie maelezo yote. Mimi shule niliikimbia mapema, nikadhani yamekwisha. Leo nina mvi na bado naulizwa maswali.

"Anameza vingapi?" aliniuliza asubuhi ile.

"Kimoja, kila asubuhi."

"Kama hajala?"

"Ale asile, anameza."

"Akisikia kizunguzungu?"

"Nikuite wewe, siyo jirani."

"Umefaulu. Msalimie mama."

Maelezo yalikuwa sahihi kabisa, ila kwa dawa ya presha. Dawa ya sukari kumpa mtu asiye na sukari, tena hajala, ni kumtafutia kaburi.

Karibu na adhuhuri nilikuwa navuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi, mwenye kochi amenisimamia kichwani akilalamika kwamba nimechelewa. Hebu Rudia akaingia mbio. Koti lake jeupe lilikuwa wazi, kandambili moja ameivaa, nyingine iliyokatika ameishika mkononi.

"Mama amemeza ile dawa?"

"Amemeza. Mbona unahema hivyo?"

"Nimekupa isiyo yake. Ni ya kushusha sukari. Kosa ni langu. Twende nyumbani sasa hivi."

Mwenye kochi akaguna. "Dada, maneno kama hayo si ungemwita pembeni?"

"Pembeni ni mbali," akasema, na tayari alikuwa amegeuka.

Tulikimbia. Yeye kandambili aliitupa, akaenda peku. Alikuwa amenipigia simu mara nyingi, lakini kwenye kelele za nyundo simu yangu ni pambo tu. Njiani akanieleza. Mgonjwa wa sukari wa kwanza siku hiyo alipokuja dukani, yeye alifungua kopo la dawa ya sukari, akageuza kipande asome jina kabla ya kukikata. Jina lilikuwa la dawa ya presha. Akamwaga makopo yote mawili mezani, akakuta vipande vimechanganyika, vingine bila jina. Jana yake alikuwa akivirudisha huku anahudumia watu, na mkono ukaenda kopo siyo. Tangu asubuhi ile wateja watatu walikuwa wamechukua dawa ya presha. Wawili walipokea simu, na dawa walikuwa hawajaigusa. Wa tatu ni mama yangu.

Saa hiyo ndiyo wagonjwa wanatoka kliniki, na foleni ya duka lake hufika barabarani. Aliwaambia wote watoke, akafunga.

Mama anaishi na dada yangu mkubwa. Tulimkuta mlangoni anaanua nguo.

"Amelala," dada akasema. "Msimwamshe. Leo katulia, hata hajanisumbua."

"Huko kutulia ndiko ninakokuogopa," Hebu Rudia akajibu, akampita.

"Wewe! Unaingiaje chumbani kwa mama yetu na miguu ya vumbi?"

Mama alikuwa amelowa jasho mpaka shuka limeshikana na mgongo. Ngozi baridi. Nilimtikisa, akafumbua macho, akaniita kwa jina la marehemu baba. Hebu Rudia alitoa mfukoni kile kipimo kidogo, akamchoma kidole.

"Mbili nukta moja," akasema. "Ilitakiwa ianzie kama nne. Mama, meza mate. Nione. Tena." Alimwangalia koo. Alipoona anameza vizuri, akakoroga glukosi kwenye kikombe cha maji, akaanza kumpa kwa kijiko.

Huku anakoroga alimweleza dada kila kitu, bila kupunguza neno. Dada akakinyakua kikombe.

"Humpi kitu kingine! Umempa kimoja, kimetosha! Kaka, mtoe huyu kabla sijamtoa mimi."

"Dada, sukari inashuka," Hebu Rudia akasema. Hakupaza sauti. "Nitukane baadaye. Mimi sikimbii."

Dada akanitazama. Ndiye aliyenilea, maana mama alikuwa kazini kutwa. Neno lake sijawahi kulivuka. Lakini mle chumbani aliyejua kilichomo tumboni mwa mama alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuja peku kutuambia. Nikakitoa kikombe mkononi mwa dada, kidole kwa kidole, nikamrudishia Hebu Rudia.

Mama alimeza kijiko baada ya kijiko. Rangi ikarudi, macho yakatulia. Akatutazama mmoja mmoja, akalamba midomo.

"Nani kanitilia sukari yote hii? Mnataka niozeshe meno, na yenyewe yamebaki ya kuhesabu?" Kisha akamwona mgeni. "Mwanangu, ukitaka kunitembelea njoo tu. Siyo mpaka uniue kwanza."

Hebu Rudia alicheka, halafu akageukia ukuta akafuta uso kwa koti.

Mimi nikaona yamekwisha. Nikasema nirudi kazini, kochi la watu liko wazi.

"Hayajaisha," akasema. "Dawa hii haitoki mwilini haraka. Sukari itashuka tena. Hospitali, sasa hivi."

Kweli, ilishuka tena jioni, mama akiwa kwenye dripu. Ingemkuta kitandani kwake angekufa usingizini, na sisi tungesema Mungu kamchukua kwa upole.

Mapokezi daktari aliuliza mgonjwa amemeza nini. Kabla sijafungua mdomo, Hebu Rudia akataja dawa, nguvu yake, kidonge kimoja, saa yenyewe, na kumalizia: "Mimi ndiye niliyempa, mimi ni mfamasia." Daktari akaacha kuandika, akamtazama.

"Wengi wanaletwa hapa hatujui wamemeza nini," akasema. "Tunapapasa tu."

Kazi yangu mimi, kosa lina pa kujificha. Mbao ikipasuka unaweka sponji, juu ya sponji kitambaa, na mteja anakalia ufa wake miaka kumi bila kujua. Mafundi wote tunalijua hilo. Na yeye angeweza. Angerudisha vipande kwenye makopo yake, akanyamaza. Mama ni mzee, anaumwa presha, nani angeuliza? Tungemzika, na yeye angekuja msibani na kanga yake, tungempa kiti.

Badala yake alikwenda mwenyewe kwa wakaguzi wa dawa, akajishtaki. Wakalifunga duka. Alipofungua tena alibandika karatasi mlangoni inayosema kilichotokea, bila kumung'unya. Siku hizi kipande kilichokatwa hakirudi tena koponi. Kinakaa ndani ya bahasha yenye jina la dawa, na kabla ya kukupa anakugeuzia mgongo wa karatasi usome mwenyewe. Kama huoni vizuri anakusomea kwa sauti.

Mama alitaka awe mteja wa kwanza. Nilimpeleka nikimshika mkono. Alipopewa dawa yake alimshika Hebu Rudia kiganja, hakukiachia.

"Hii ni ya nini?"

"Ya presha, mama."

"Hebu rudia."

"Ya presha, mama."

"Umefaulu," mama akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Dada yeye alitaka kesi. Alinitaka nikatoe ushahidi duka lifungwe moja kwa moja. Nilikataa. Nilimwambia mtaa huu una maduka mengine ya dawa, na sijui hata moja ambalo mwenyewe angekuja mbio kwetu.

Gharama yenyewe ni hii. Mama alilala hospitali usiku mmoja, na mchana hathubutu tena kusinzia. Mwenye kochi alichukua mbao zake akampelekea fundi mwingine. Hebu Rudia alikaa mwezi mzima bila duka, na nusu ya wateja wake walihamia duka la kona, ambako mkasi unakata na hakuna anayekuuliza kitu. Na mimi nilikuwa na dada mmoja. Tunapishana mlangoni kwa mama, naamkia, haitikii.