Nukta Iliyoacha Njia

Kabla kampuni haijafunga vifaa vya kufuatilia mabasi, hakuna ofisini aliyejua kwamba Taratibu alikuwa akisimamisha basi kila mchana kwenye kituo cha kinu cha nafaka na kupotea kidogo. Abiria wake wa siku zote walijua, ila hawakuwa na neno. Wengine ndio waliokuwa wakimhimiza: "Nenda kamwangalie mama, dereva, sisi tupo." Basi angeshuka, avuke barabara mbio, aingie kwenye nyumba yenye mlango wa bluu, na baada ya muda atoke akijifuta mikono kwenye suruali. Safari ikaendelea.

Jina hilo la Taratibu alipewa na madereva wenzake, kwa sababu aliendesha basi kana kwamba amepakia mayai. Mwenyewe hakulichukia. Hata mkewe alimwita hivyo alipotaka kumchokoza.

Mkewe ndiye aliyekuwa amelala nyuma ya ule mlango wa bluu. Kiharusi kilimpiga akiwa anaanua nguo, kikamchukua upande mzima wa kulia, mkono na mguu, na ulimi kikauacha mzito. Asubuhi jirani yao, mwanamke fundi cherehani, alikuja kumwogesha. Jioni mumewe alikuwapo. Tabu ilikuwa mchana. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani huota vidonda mgongoni, tena haraka, na glasi ya maji iliyo mezani ni sawa na iliyo mji mwingine. Kwa hiyo Taratibu alisimama, akaingia, akamgeuza, akamnywesha, akamsimulia kisa cha abiria mmoja wa siku hiyo, akatoka. Hawakujaliwa watoto. Mtu wao wa karibu alikuwa mmoja tu, mdogo wake yule mgonjwa, ambaye naye alikuwa mwajiriwa wa kampuni ileile ya mabasi.

Huyu mdogo mtu alilelewa na dada yake tangu mama yao alipofariki. Dada ndiye aliyemsuka nywele, akampeleka shule, akamgombeza, akamtafutia na kazi ya kukata tiketi dirishani kupitia kwa shemeji. Vifaa vilipofungwa, meneja alimtoa dirishani akamhamishia kwenye chumba cha uangalizi, mbele ya skrini pana iliyoonyesha barabara zote za mji na mabasi yote ya kampuni. Kila basi lilikuwa nukta ya kijani. Likisimama pasipo sababu, nukta inageuka njano. Likiacha njia yake, inakuwa nyekundu. Na kile alichokiona yeye, abiria nao walikiona kwenye simu zao. Mtu aliweza kukaa nyumbani akinywa chai, akatoka basi lilipokaribia. Mji mzima ulifurahi.

Siku ya kwanza tu, mchana, nukta ya shemeji yake iligeuka njano kwenye kituo cha kinu. Simu zikaanza.

"Jamani, basi lenu limelala?" aliuliza abiria mmoja. "Natazama hapa halitikisiki. Au dereva ana mke hapo?"

Nusura amjibu ndiyo. "Samahani, kuna foleni kidogo," akasema.

Kesho yake foleni. Keshokutwa abiria mwenye mizigo mingi. Siku iliyofuata foleni tena. Kila mchana ulipokaribia alikaa roho juu, akiombea simu zisiite. Lakini walalamikaji walizidi, na malalamiko nayo yalikwenda moja kwa moja kwa meneja.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka haraka, shati halikai ndani ya suruali, na wenye kampuni walimpigia kila jioni kuuliza mambo. Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha mdogo mtu, mikono kiunoni.

"Wewe umekuwa ukiniambia foleni. Pale kwenye kinu kuna foleni ya nini? Ya mahindi?"

Mdogo mtu akaona hakuna tena pa kujificha. Akamweleza yote, kiharusi, vidonda, glasi ya maji. Meneja alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akavuta pumzi.

"Pole. Pole sana, kwa kweli. Mbona hukuniambia mapema?" Kisha akatikisa kichwa. "Lakini nikimruhusu yeye, kesho kila dereva atakuwa na mgonjwa wake njiani. Na wenye mali wananiona mimi kama ninavyowaona madereva, kwenye skrini."

Hakumfukuza Taratibu. Alimhamishia njia ya viwandani, upande wa pili wa mji, ambako basi halikupita karibu na mlango wa bluu hata kidogo. Aliamini amemwondolea kishawishi na kumwokolea kibarua. Pengine ni kweli, alimfanyia hisani kwa kadiri alivyoijua.

Mdogo mtu alikwenda jioni hiyo kwa dada yake, macho yamemvimba. Shemeji yake alikuwa jikoni akiponda ndizi kwa uma, maana mkewe hakuweza kutafuna.

"Shemeji, usijitie lawama," alimwambia bila kugeuka. "Hata ungenyamaza, kile kidude kingesema. Sisi tumetoka mbali, tutatafuta namna."

Namna waliyoipata haikuwa kubwa. Fundi cherehani aliahidi kupita na mchana pia, kila atakapoweza, ingawa wateja wake hawakumpa nafasi. Na mdogo mtu akaweka kwenye simu ya dada yake ile programu ya kufuatilia mabasi, akamfundisha kuibonyeza kwa mkono wa kushoto.

"Huyu hapa ndiye mumeo. Hii ya kijani."

Dada aliitazama, mdomo wake ukacheka upande mmoja. "Huyu?" alisema kwa ule ulimi mzito. "Amekuwa mdogo... kama kunguni."

Wakacheka wote watatu, Taratibu mpaka akaweka sahani chini.

Tangu hapo simu ile haikutoka kifuani kwa dada. Kila mchana alipiga kwenye chumba cha uangalizi, na mdogo wake alipokea huku wenzake wakitabasamu, maana wote walishamjua.

"Amesimama," dada alisema siku moja. "Amesimama na nani?"

"Taa nyekundu, dada. Amesimama na taa."

"Mzuri?"

"Nani, taa?"

Hivyo ndivyo walivyopitisha miezi ya kiangazi. Mtu asingesema walikuwa na raha, lakini mgonjwa alikuwa akicheka kila siku, na hilo halikuwa dogo. Vidonda viwili vilitokea mgongoni. Kimoja kilipona.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Mchana simu iliita, mdogo mtu akapokea akiwa tayari ameshaandaa mzaha. Hakusikia neno. Alisikia pumzi tu, nzito, kama ya mtu anayepanda ngazi.

"Dada?"

"Kichwa," dada alisema. "Kinapasuka."

"Fundi yupo hapo?"

"Hayupo... kaenda kununua vitambaa." Pumzi tena. "Taratibu anakuja?"

Mdogo mtu aliinua macho. Kwenye skrini nukta ya shemeji yake ilikuwa inatembea kuelekea viwandani, ikiiacha nyumba nyuma, mbali zaidi na zaidi.

"Anakuja, dada. Yuko njiani, anakuja."

"Muongo wewe." Hakusema kwa hasira. "Namwona. Anakwenda huko."

Kisha kitu kikaanguka, na sauti iliyobaki haikuwa ya maneno.

Mdogo mtu alipiga hospitali. Gari la wagonjwa limetoka, wakamwambia, likirudi tu litatumwa, aache maelekezo. Aliyaacha. Hakungoja. Alichukua redio ya kuitia madereva.

"Shemeji, dada amezidiwa. Yuko peke yake. Gari la wagonjwa halipo."

Redio ilikoroma kidogo. "Nina watu ndani," Taratibu alijibu.

"Najua."

Kilichotokea ndani ya basi mdogo mtu alikuja kusimuliwa baadaye. Taratibu aliegesha kando, akazima injini, akasimama katikati ya viti. Alisema mke wake anakufa, kwamba anakwenda kumchukua na basi hilohilo kwa sababu jingine hana, na kwamba anayetaka kushuka ashuke, yeye anamwomba radhi. Walishuka wenye haraka zao, mmoja akisonya. Waliobaki walibaki. Kibarua mmoja wa kiwanda cha saruji, vumbi mpaka kwenye kope, alihamia kiti cha mbele akasema, "Twende, mzee. Mimi nitasaidia kubeba."

Mdogo mtu yeye aliona nukta tu. Ilisimama, ikawa njano. Kisha ikageuka, ikaacha mstari wa njia yake, ikawa nyekundu. Iliukata mji kwa barabara za nyuma kwa kasi ambayo hajawahi kuiona kwa shemeji yake tangu amjue.

Simu zikaanza kuita kwa pamoja. Abiria wa viwandani walitaka kujua basi lao linakwenda wapi. Meneja alitoka ofisini kwake, akaiona nyekundu.

"Nani huyo?"

"Shemeji yangu. Nimemwita mimi. Dada anakufa." Hakumtazama. "Utanifukuza baadaye."

Simu ya meza ya pili ilikuwa inaita, mwenye meza ametoka kula. Meneja akavuta kiti, akakaa, akaipokea mwenyewe. "Ndiyo, mama, basi limepata dharura. Tunatuma jingine. Samahani sana." Akaiweka, akapokea nyingine. "Samahani, bwana. Dharura." Aliendelea hivyo, jasho likimchuruzika shingoni, na kati ya simu na simu alikuwa akitupa jicho kwenye skrini.

Nukta ilifika kwenye kituo cha kinu, ikatulia. Mdogo mtu alishika ukingo wa meza. Alijaribu kuwaona, mlango, kitanda, shemeji akitia mikono chini ya mgongo ule wenye kidonda. Ikatulia mno. Halafu ikaondoka, ikashika barabara kuu ya kwenda hospitali, mbio.

"Watawahi," meneja alisema. "Barabara iko wazi. Watawahi."

Ilipita soko. Ilipita daraja. Na ilipolivuka daraja, ikapunguza mwendo. Haikusimama. Ilikwenda sasa polepole, kama basi la siku yoyote lenye mayai ndani.

"Hapo pana foleni?" meneja aliuliza.

"Hapana foleni hapo," mdogo mtu alisema.

Alijua. Mtu anayewahisha mgonjwa hapunguzi mwendo. Alivua visikilizi vya masikioni akavilaza mezani kwa uangalifu, akakaa mikono mapajani, na meneja, ambaye hakuwa mtu wa maneno ya faraja, akaziacha simu ziite.

Hospitali alimkuta shemeji yake amekaa kwenye benchi, kofia ya kazi mkononi, na yule kibarua wa saruji pembeni yake. Hawakuwa wakifahamiana kabla ya siku ile.

"Nilimkuta anapumua," Taratibu alisema. "Tulimlaza kiti cha nyuma, huyu ndugu akampakata kichwa. Nikawa namwona kwenye kioo. Macho alikuwa ameyafumbua."

"Alisema kitu," kibarua alisema. Alimgeukia mdogo mtu, kana kwamba ana amana ya kukabidhi. "Alisema, 'Umeacha njia.'"

"Nikamjibu nimeiacha," Taratibu alisema. "Nimeiacha, mke wangu. Sijui kama alisikia. Huyu ndugu akaniambia, mzee, punguza tu mwendo sasa. Hakuniambia kwa nini. Nikapunguza."

Walimzika dada siku iliyofuata. Walikuja watu ambao familia haikuwajua kwa sura: abiria wa zamani wa njia ya kinu, mmoja mmoja, na kila mmoja alijitambulisha kwa kituo anachopandia.

Kazini mambo hayakwenda vibaya kama walivyohofia. Meneja aliwatetea mbele ya wenye kampuni, kwa sauti iliyosikika mpaka uwanjani, na hakufukuzwa mtu. Hata alimwita Taratibu akamwambia njia yake ya zamani ipo, airudie akipenda.

"Ahsante, bosi," Taratibu alijibu. "Nifike pale mchana, nisimame, nishuke niende kwa nani?"

Akaomba kazi ya gereji. Wakampa breki na matairi, akawa analala chini ya mabasi ya wenzake kuanzia asubuhi. Mdogo mtu alirudi mbele ya skrini. Wengi walidhani ataomba arudishwe dirishani, lakini hakuomba. Mchana ulipofika na simu zikawa za abiria peke yao, wenzake waliona jinsi alivyokuwa akiipokea kila moja kwa upole uliozidi, hata zile za matusi.

Jumapili moja shemeji yake alimwita wakakitoe kitanda. Fundi cherehani alikuwa na mama mzee aliyeanguka bafuni, akavunjika nyonga, na hakuwa na kitanda cha maana. Walikifungua wao wawili, wakatoa chaga, wakafunga godoro kwa kamba. Taratibu alishika mbele, mdogo mtu nyuma. Hakukuwa mbali, nyumba ya tatu kutoka pale.

Walipofika katikati, Taratibu alisimama. "Shemeji, tupumzike kidogo."

"Umechoka?"

"Hapana."

Wakaziweka mbao chini, kando ya barabara. Taratibu akakaa juu ya godoro lililofungwa, na pale pale, mchana kweupe, mwanamume ambaye makaburini hakutoa chozi akaanza kulia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Mdogo mtu hakumwambia ajikaze. Aliketi kando yake akalia naye. Wapita njia waliwaona, wakashuka barabarani kuwazunguka, na hakuna aliyewaambia wasogee.