Wazee Watatu Waliokwama Kichwani mwa Nakijwa

Usiku wa jana sikuota kitu. Niliota leo asubuhi, saa nne, jua linawaka, nimekaa kwenye kigoda mlangoni nachambua maharage. Naandika kabla haijanitoka, kwa sababu kuna mama mwingine mahali fulani ana kijana ndani ya nyumba, na karibu yake ana wifi.

Wifi yangu anaitwa Eliwaza. Ni dada wa marehemu mume wangu, na haujazaliwa ugonjwa asioujua. Mwanangu anaitwa Nakijwa, ana miaka ishirini na sita, ni msusi hapa Mwanga sokoni. Miezi minane iliyopita, siku ya Jumamosi, alikuwa anamsuka bibi harusi, chanuo kikamdondoka na mdomo ukaenda upande. Eliwaza akasema huo ni upepo tu, kiharusi ni cha wazee. Tukamkanda kwa mafuta ya kondoo siku tatu. Bakuli nilishika mimi. Siku ya nne ndipo tukakumbuka kwamba kuna hospitali.

Sasa anatembea, mdomo umenyooka, anacheka. Ila anamsuka mteja nusu ya kichwa, halafu anainuka anachukua ufagio na kufagia, na mteja amebaki pale ana vichwa viwili. Tena wiki iliyopita alimwamkia Eliwaza shikamoo mara tatu ndani ya robo saa. Eliwaza akasema anakejeliwa. Ameamua leo saa tano aje amchukue, akalime kwake milimani mpaka adabu irudi.

Leo ni Jumanne, siku ya Nakijwa ya mazoezi ya kumbukumbu hospitali. Jumanne tatu sijampeleka, nilishajiambia amepona. Na la Eliwaza nililikubali.

Basi, nachambua maharage. Harage moja linaniambia, "Mama Nakijwa, sogeza miguu, nafungua."

Linafunguka. Naingia na kigoda changu.

Niko kichwani mwa mwanangu. Nimepajua kwa sababu pananukia mafuta ya nywele, na kuna redio inaimba nusu ya wimbo, inarudia. Mlangoni amekaa mlinzi. Ni chanuo chekundu, kirefu kuliko mimi, kimekunja nne, kina pengo la jino moja.

"Umebeba nini mikononi?" kinaniuliza.

Natazama. Mikono yangu inachuruzika mafuta ya kondoo. Najifuta kwenye kanga, yanazidi.

"Nilikuwa namkanda mtoto."

"Tunajua. Tuliteleza humu siku tatu."

"Na jino lako liko wapi?"

"Lilikatika siku ile nilipodondoka. Mtu alitakiwa ainame aokote. Wote mlikimbilia mafuta."

Kinatangulia, nafuata. Humo ndani hakuna barabara, kuna misuko minene ya nywele inayotoka chumba hadi chumba, na ndiyo tunayokanyaga. Chumba kimoja kina mikono miwili peke yake, inasuka hewa. Inasuka vizuri, mstari umenyooka.

"Mbona inajua?" nauliza.

"Inajua. Haijui imefikia wapi."

Tunafika kwenye shimo. Ni dogo kama harage. Misuko yote inayopita hapo imekatika, ncha zinaning'inia. Ng'ambo naona vyumba vizima, vimefagiwa, taa zimezimwa.

"Shimo lenyewe ndilo hili tu?"

"Ndilo hili. Ulitaka kubwa?"

Kusema kweli nilitaka kubwa. Kubwa ungemwonyesha wifi yako akanyamaza.

"Na vile vyumba vimekufa?"

"Vizima. Ila hakuna kinachovifikia."

Ukingoni wamekaa wazee watatu wafupi, wana vifurushi, wamevua viatu.

"Sisi ni Marahaba," anasema wa kwanza. "Tulitoka kinywani mwa Eliwaza wiki iliyopita, tukaingia sikioni salama. Tunapeleka habari ng'ambo kwamba salamu imeitikiwa. Njia hakuna."

"Mimi nilimfuata nyuma," anasema wa pili.

"Mimi nilitoka pamoja na msonyo," anasema wa tatu. "Huyu hapa." Na kweli msonyo umekaa ubavuni pake, umenuna.

"Sasa huko ng'ambo wanajua nini?"

"Wanajua mtoto hajaamkia mkubwa. Na wana adabu sana kule, mama, uliwafundisha mwenyewe. Hawakai kimya. Wanatuma shikamoo nyingine."

Nilitaka kulia, lakini chanuo kikaniambia hapa hapaliliwi, patazidi kuteleza.

Ndani ya shimo kuna mtu. Kajamaa kadogo, kamevaa suti ya bwana harusi, kanakula mafuta ya kondoo kwa kijiko.

"Karibu, mama mwenye nyumba," kananiambia. "Mimi ni Kiharusi."

"Wewe si wa wazee?"

"Nani alikwambia? Mlitaka nidai cheti cha kuzaliwa?" Kanalamba kijiko. "Siku ya kwanza niliogopa sana, nikajua sasa hivi wataniletea daktari. Mkaniletea mafuta. Siku ya pili mkaniletea mengine, ya moto. Siku ya tatu nikavua viatu. Nimeingia nyumba nyingi, lakini ukarimu kama wenu sijauona."

Nikatazama bakuli. Ni langu, lile lenye maua.

Mara Eliwaza huyo, anaingia kupitia sikioni na jembe begani, hata hodi hakupiga. Anachungulia vyumba kimoja kimoja.

"Viti vipo. Meza ipo. Mikono hii hapa inasuka. Huyu mzima, wifi, ni mvivu tu."

"Njia hakuna," anasema Marahaba wa kwanza.

"Njia inalimwa," anasema Eliwaza, anainua jembe na kukata msuko mzima uliokuwa umebaki. Redio inanyamaza. Chumba kimoja kinazima taa, na mlangoni pake pameandikwa Majina ya Watu wa Nyumbani.

"Wifi, acha!"

"Namnyoosha."

Anainua tena. Nalikamata jembe kwa mikono miwili. Linateleza. Nalikamata, linateleza. Kiharusi kanacheka mpaka kijiko kinadondoka.

Ndipo nikawaona wasusi. Wanawake wadogo kama kidole gumba, wamepanga mstari kwenye benchi, mikono wameikunja. Nyuma yao kuna msuko mpya, mwembamba, unalizunguka shimo kwa pembeni, umefika nusu.

"Jamani, mbona mmekaa? Huyu anakata!"

"Tunasuka tukiitwa," anasema mkubwa wao. "Huko juu mtoto akifanyishwa mazoezi, akiulizwa, akikosea, akirudia, ndipo tunaitwa. Jumanne tatu hatujaitwa. Na usidhani tulichosuka kinatusubiri."

Natazama. Msuko unafumuka taratibu kutoka nchani, uzi mmoja, wa pili.

"Leo siku gani?" nauliza.

Wananitazama wote, hata msonyo.

"Shikamoo shangazi."

Nimeamka. Ungo uko magotini. Eliwaza mwenyewe kasimama uani, jembe begani, jembe jipya, bado lina karatasi ya dukani. Nakijwa amepiga goti.

"Marahaba," anasema Eliwaza. "Kafunge nguo zako, twende."

Nakijwa anaingia ndani. Anatoka mikono mitupu, anamwona mgeni, anapiga goti.

"Shikamoo shangazi."

Eliwaza ananigeukia. "Umeona? Mbele yako, mama yake mzazi!"

"Itikia, wifi."

"Nimeshaitikia!"

"Itikia tena. Ile ya kwanza haijavuka."

Alinitazama kama anayeona mdomo wangu nao umeenda upande. "Wewe nawe umeanza?"

"Mimi nimemaliza. Hilo jembe utalilimia mwenyewe. Nakijwa, mwanangu, vaa viatu, leo Jumanne."

"Jumanne kuna nini, mama?"

"Kuna watu wanakusubiri, hawana kazi wiki ya tatu sasa."

Eliwaza akasonya, akaanza kuondoka. Nikausikia msonyo ule na nikajua kabisa unakoelekea na mahali utakapokaa. Lakini kabla hajafika getini, mwanangu alikuwa bado amepiga goti anasubiri, na Eliwaza, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kulazimishwa, "Marahaba, marahaba." Mbili. Nikazipokea.

Nikainuka kuweka ungo chini. Katikati ya maharage, maharage niliyonunua jana kwa mtu wa Kisangara asiyetujua, palikuwa na kitu chekundu. Nikakichukua. Ni jino la chanuo. Chanuo chenyewe kilibaki chini pale sokoni miezi minane iliyopita, na nyumbani hakikurudi.

Nikalifunga kwenye pindo la kanga. Vidole vilikuwa vikavu. Halikuteleza.