Koleo ni la Walioshindwa

Kwenye bwawa lililoganda la kina Cormier, ukishindwa mechi ya hoki unashika koleo la kuzolea theluji, unawasafishia barafu wanaofuata. Odile na wanawake wenzake walikuwa wameshika makoleo hayo kila Februari tangu timu yao ianze, mpaka kijiji kikawabandika jina la Wafagizi. Mwaka huu waandaaji walisema wazi: timu zinazosubiri nafasi ni nyingi, na itakayomaliza tena bila kushinda hata mara moja isirudi. Ilibaki mechi moja tu, na wapinzani walikuwa timu ya Normand, mume wa dada yake Odile.

Baridi ya siku ile haikuwa na adabu. Iligandisha kope na kuuma masikio kupitia kofia ya sufu. Hoki ya bwawani haina kipa wala refa; lango ni sanduku la mbao lenye matundu mawili finyu kama mdomo wa bahili, na kisahani cheusi cha mpira, kinachosukumwa kwa magongo, sharti kipenye humo. Wanaume wa Normand walikuwa wakikipenyeza watakavyo, na mapumziko yalipofika walikuwa mbele kwa mabao matatu.

“Shemeji,” Normand alisema akielekea kwenye hema lenye jiko la kuni, “nimekuwekea koleo jipya. Mpini laini, usije ukachubuka.”

“Liweke vizuri, shemeji. Kwa tumbo hilo utahitaji kitu cha kuegemea.”

Lucette, mdogo kuliko wote katika timu, alianza kufuata harufu ya supu ya mbaazi. Odile akamshika mkono.

“Hakuna anayeingia hemani.”

“Dada Odile, vidole vya miguu sivisikii kabisa.”

“Rukaruka, zunguka, fanya utakalo. Visu vya viatu vibaki baridi.”

“Una roho mbaya kuliko mama mkwe wangu,” alisema Ghislaine, lakini akabaki.

Hilo kila mtoto wa pale hufundishwa na mama yake: viatu vya kutelezea barafuni, vyenye visu vya chuma chini ya soli, havipelekwi motoni. Kisu kikishapata joto, theluji unayoikanyaga huyeyuka na kugandia palepale, ukabaki umevaa mabonge ya barafu. Normand alilijua fika. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Normand alikuwa amesifiwa tangu asubuhi. Kupitia mlango wa hema Odile aliwaona wote wanne, bakuli mkononi, miguu wameinyoosha hadi karibu na jiko.

Hata hivyo aliogopa. Shavu la Lucette lilikuwa limeanza kuwa jeupe, na Odile alilifunika kwa kiganja chake huku akijiuliza kama anamgandisha mtoto wa watu kwa ukaidi wake tu. Aliendelea kulifunika mpaka likarudi kuwa jekundu.

Wanaume walirudi wakikatiza kwenye theluji, wanacheka. Normand alipiga hatua ya kwanza barafuni, ya pili ikamtoroka, akakaa chini kwa makalio. Mwenzake akamwangukia. Walianza kukwangua visu kwa kucha, lakini bwawani mchezo hausimami kwa sababu mtu ameanguka. Ghislaine akafunga. Lucette, asiyesikia vidole vyake, akafunga mara mbili.

“Mama yako hakukufundisha, shemeji?” Odile aliuliza akimpita.

“Nyamaza ucheze.”

Zikabaki dakika za mwisho, mabao sawa. Normand sasa alikuwa amekwisha kusafisha visu vyake, akasimama mbele ya sanduku, mpana kama mlango wa ghala. Odile alimwendea moja kwa moja, akajifanya anapiga kulia, na Normand alipojitupa huko, yeye akakisukuma kisahani polepole kwenye tundu la kushoto. Kikagonga mbao za ndani. Sauti ya bao la ushindi hakuwa ameisikia tangu timu yao ianze, na alilia hapohapo mbele ya kijiji kizima bila haya, machozi yakamgandia mashavuni.

Walipeana mikono kwa mstari, kama desturi. Kisha Odile, kwa mazoea, akainama kuchukua koleo. Normand akamwahi.

“Lete hapa. Mwakani nitakulipiza.”

Mwakani. Odile alisimama kandokando ya bwawa, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Akaiingiza mifukoni, akamtazama shemeji yake akisukuma theluji.

“Pale kwenye kona, shemeji,” alisema. “Umeparuka.”