Ramla Siku ya Jumapili

"Fukwe zote nzuri za dunia nimeziona kwa macho haya," shangazi Vitorin alimwambia binti wa kaka yake, hata begi la mgeni halijavuka kizingiti. "Hakuna hata mmoja unaoushinda San Blas." Kisha akakohoa. "Dunia ninayoisema ni kisiwa chetu hiki cha Gozo. Ng'ambo nimefika Malta tu, nako nilikwenda kung'olewa jino."

Graziella akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alizaliwa Melbourne na kukulia huko, ila Kimalta alichokisema kilikuwa kile kile alichoondoka nacho baba yake, Salvu, akiwa kijana. Kimalta cha zamani, chenye maneno ambayo hapa kijijini Nadur tumekwisha kuyazika pamoja na vikongwe wetu. Kila alipofungua kinywa, Vitorin alisikia kama mama yake marehemu anamwita kutoka jikoni. Salvu hakurudi. Kila mwaka alisema mwakani, mpaka akafia huko huko. Basi Vitorin alijiapiza kwamba mtoto huyu hataondoka kisiwani kabla hajajua kwao hasa ni wapi. Kwao ni Nadur, na bahari ya Nadur ni San Blas. Kwingine ni maji tu.

Kikwazo kilikuwa wifi yake.

Karmni alikuwa mzaliwa wa Xagħra, kijiji cha kilima cha pili, na alipoolewa na Wistin, mdogo wake Vitorin, hakuhamia Nadur kama mtu mwenye adabu. Alimchukua Wistin akavuka naye bonde. Mwisho wa bonde hilo ndiko uliko Ramla, ufukwe mpana mwekundu ambao watu wa Xagħra hujivunia utadhani mchanga waliumwaga wenyewe kwa ndoo. Tangu harusi ile ukoo ulipasuka. Ikifika sikukuu ya Bikira Maria katikati ya Agosti, siku ambayo hakuna anayekula nyumbani kwake, nusu ya ukoo hubeba meza na makaroni ya kuoka kwenda San Blas, nusu nyingine Ramla.

Jioni ile ile Karmni alikuja kumwona mgeni, kabeba jibini na maneno.

"Kesho nampeleka Ramla," akasema.

"Mtoto kachoka."

"Kachoka kwenda Ramla, San Blas hajachoka?"

"San Blas hata mgonjwa anapona."

"Kwa mteremko ule wenu, wifi? Mgonjwa akishuka, anapandishwa ndani ya jeneza."

"Afadhali sisi wenye mteremko. Nyinyi basi linawafikia mpaka mchangani, mnaoga maji na moshi."

"Bikira mwenyewe kachagua kusimama Ramla. Sanamu yake si unaiona pale katikati ya mchanga?"

"Hakuchagua, alisimamishwa. Angeulizwa, angekuja kwetu."

Wistin, aliyekuwa akilila jibini la mgeni kwa niaba ya mgeni, akasema huku mdomo umejaa, "Mwacheni mtoto aamue."

Ndivyo ilivyokuwa. Graziella atembezwe fukwe zote, kisha achague. Atakayeshindwa atahamisha watu wake na makaroni yake, aende kula sikukuu kwenye ufukwe wa mwenzake, mwaka huu na miaka yote ijayo. Karmni akaongeza sharti: bila hila. Atakayefanya hila kashindwa hapo hapo.

"Hila?" Vitorin akashika kifua. "Mimi?"

Wiki nzima Wistin aliwazungusha kwa gari lake la kubebea viazi. Walikwenda Xlendi, ambako magenge mawili ya mawe yamekinga bahari kama viganja vya mtu anayetaka kunawa uso. "Pazuri," Vitorin alisema, "ila jua linaondoka mapema, na wahudumu wa hoteli wanakukodolea macho usipoagiza kitu." Walikwenda Mġarr ix-Xini, maji ya kijani yamelala juu ya kokoto kimya kabisa. "Pazuri, ila ukitaka kukaa uje na makalio ya akiba." Kule Dwejra waliona bahari ndogo inayoingia kwa tundu la mwambani kama paka anayerudi nyumbani. Hapo hata Vitorin alikosa dosari, akabaki kusema kwamba upepo unaharibu nywele.

Lakini kila jioni, wakiwa njiani kurudi, alijikuta akimwangalia yule binti alivyoegemeza paji la uso kwenye kioo, chumvi imemkauka mashavuni, na roho yake ikimjaa majivuno. Kisiwa kizima unakizunguka kabla chakula hakijapoa, na bado kila kona ina bahari yake, na kila bahari ina rangi yake. Nani mwingine kapewa hivyo?

Zikabaki mbili. Vitorin akamwambia Karmni, kwa sauti laini kama siagi juani, kwamba San Blas wataiona Jumatatu, na Ramla Jumanne. Karmni akaanza kujiandaa.

Jumapili, aliporudi misa ya alfajiri, Vitorin alimwamsha mgeni. "Inuka mwanangu. Leo Ramla."

Hapa hakuna Mgozo mwenye akili timamu anayekanyaga Ramla Jumapili ya Agosti. Siku hiyo tumewaachia watu wa Malta. Wanavuka kwa meli tangu kungali giza, na mahema, na meza, na majiko ya mkaa, na mashua za mpira, na mashangazi wasiojua kunong'ona. Graziella na Vitorin waliposhuka, mchanga haukuonekana. Ilionekana miavuli. Moshi wa soseji ulitanda hewani. Mpira ukampiga Graziella begani, aliyeupiga akamlaumu yeye kwa kusimama njiani.

"Huwa hivi siku zote?" Graziella aliuliza.

"Ah, mwanangu," Vitorin akajibu kwa huzuni kubwa, na hilo halikuwa jibu.

Chini ya miguu yao kilijitokeza kipande cha mchanga, chekundu, laini, kizuri kuliko alivyotaka kiwe. Vitorin akakiangalia kwa pembe ya jicho, akatandika taulo juu yake.

Jumatatu walishuka San Blas. Vitorin alikuwa amepanga yote: asubuhi mapema, hakuna mtu, maji yametulia, yeye atakaa kimya na kuuacha ufukwe ujisemee. Mteremko ulimuumiza magoti, lakini alitembea kama bibi harusi. Kulia na kushoto mashamba ya ndimu yalishuka ngazi kwa ngazi ndani ya kuta za mawe, na matete yakatikisa vichwa.

Kabla hawajafika kona ya mwisho, wakasikia kinanda.

Karmni alikuwa amefika. Si yeye tu. Alikuwa kahamisha Xagħra nzima: wanawe, wakwe zake, wajukuu, mbwa, redio hii inayopiga muziki na redio ile inayotangaza mpira, na binamu mwenye kinanda cha mkononi aliyejua wimbo mmoja na nusu. Karmni mwenyewe alikuwa majini na gauni lake, limevimba kumzunguka, anaelea kama kuku aliyetulia juu ya mayai.

"Wifi!" akaita. "Bahati gani hii kukutana!"

"Bahati na maredio yote hayo?"

"Ufukwe si wa baba yako."

"Mteremko vipi, umekuacha hai?"

"Niliteremka kwa matako. Kaa chini, ule."

Vitorin alitamani kulia. Jana ilimtoka kichwani kabisa. Akaona leo yake tu, ikimwagika kama maziwa. Akageuka kumwomba radhi Graziella, lakini Graziella hakuwepo pembeni yake. Alikuwa kasimama mwishoni mwa mchanga, pale shamba la mwisho linapokutana na ufukwe, kashika tawi la mdimu lililoning'inia nje ya ukuta. Mtu akampa kipande cha mkate wenye dagaa na nyanya. Mkwe wa Karmni akamsogezea kiti. Kikongwe mmoja akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akasema kwa sauti kuu, "Pua ya Salvu hii! Jamani njooni muione pua ya Salvu!" Wakaja, wakaiona, wakakubaliana.

"Baba alisema ndimu zinafika mchangani," Graziella alisema, na kile Kimalta chake cha marehemu kikamnyamazisha hata mwenye kinanda. "Mimi nilidhani anatia chumvi. Kwetu bahari ni kubwa, shangazi, mpaka inachosha. Unatembea nusu siku humjui mtu. Hapa nimeshuka, na tayari wamenishika pua." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Nimechagua. San Blas."

Kifua cha Vitorin kilijaa mpaka vifungo vya gauni vikalalamika. Akamwangalia wifi yake pale majini. Aliiona tayari sikukuu, meza ndefu, Xagħra yote inashuka mteremko na masinia ya makaroni kichwani, mwaka huu, na mwakani, na mwaka utakaofuata.

"Aisee," Karmni akasema polepole, anatoka majini, gauni linamchuruzika. "Na Ramla umeiona lini, mwanangu? Si ilikuwa kesho?"

"Jana," Graziella akajibu.

"Jana Jumapili?"

Watu wote wakaguna.

"Kwani Jumapili ina nini?"

Walimweleza wote kwa pamoja, na mikono. Graziella akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Vitorin. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa baba yake alipokuwa akihesabu karata.

"Shangazi, ulijua?"

"Mimi?" Vitorin akatoa leso, akajipepea. "Mwanangu, mimi ni mzee. Mimi huenda misani kila siku ya Mungu, Jumatatu, Jumanne, zote kwangu ni misa. Nitajuaje ipi ni Jumapili? Nilisahau. Naapa nilisahau."

Hata Karmni alisita. Kweli, Vitorin hakosi misa. Graziella akaanza kulainika. "Kama alisahau, basi si hila," akasema. "Hukumu inabaki."

Hapo ndipo kofia ya majani iliyokuwa ikielea mbali kidogo, nje ya zogo, iligeuka. Chini yake alikuwa Padri Mikiel wa Nadur, maji ya kifuani, miwani puani, kama asimamavyo kila asubuhi kupoza mgongo wake.

"Kasahau nini?" akauliza, kwa kuwa husikia nusu nusu.

"Kwamba jana ilikuwa Jumapili, Baba!" Karmni akapiga kelele.

Padri alifikiri, kwa sababu ni mtu mwema na hapendi kuharakisha. "Jana? Lakini Vitorin, si wewe uliyenifuata sakristia kabla ya misa ukaniomba nifupishe mahubiri? Ulisema Jumapili Ramla hujaa mapema, na usingependa mgeni wako akose kuiona imejaa."

Redio zote mbili zilizimwa. Vitorin hakujua nani alizizima.

"Baba," akasema kwa heshima zote, "yale nilikueleza kwa siri ya kitubio."

"Ungekuwa umepiga magoti ningekubali," Padri Mikiel akajibu. "Ulikuwa umesimama, na taulo begani."