Spika za Mbao Nyekundu

Usingizi unanichukua nikiwa kitini, katika chumba nilichokitenga kwa kusikilizia muziki, mbele ya jozi mbili za spika alizoniachia fundi Mbonea nizijaribu. Asubuhi anakuja kuchukua jozi moja. Mimi si mtu wa ndoto, na ubishi ninao tangu utotoni, lakini ukuta ulio nyuma ya spika unafunguka taratibu nami nainuka napita, kwa kuwa upande wa pili kwaya inaimba, na katika kwaya ile yumo mke wangu Nakiete, niliyemzika mwaka jana. Sauti yake sina kwingine ila katika kanda moja ya kwaya hiyo. Waimbaji ni wengi, yeye yumo sauti ya pili, na mpaka leo sijaweza kumtambua. Ndiyo maana nataka spika mpya, nimsikie yeye, basi. Spika nyeusi zinaimba safi kama maji ya mtungini. Zile za mbao nyekundu zina kimkwaruzo kabla ya kila ubeti, na fundi kashaniambia, huo ni uchafu wa kanda, mzee wangu, chukua nyeusi upumzike.

Njia ni ndefu, na kila nikiimaliza naikuta inaanza upya, maduka ya spika huku na huku, kuta zake vioo vitupu, na ndani ya kila kioo yumo mzee mwenye sweta langu anayeshindwa kuchagua. Mlangoni mwa duka moja amesimama mtu asiye na uso. Namwuliza, mke wangu yumo katika spika zipi? Kitendawili, anasema. Tega, nasema, maana kitendawili hakikimbiwi. Huja kabla ya neno, na neno haliji bila yeye. Nasema ni ulimi. Sivyo, nipe mji. Nampa Korogwe, mji tuliofungia ndoa, nampa kwa wepesi kama tulivyokuwa tukigawa miji utotoni, na yeye anaupokea wala hatoi jibu, kinyume kabisa cha ada. Papo hapo Korogwe inanitoka. Sikumbuki kanisa lilielekea wapi, wala kama gauni lake lilikuwa la mikono mirefu au mifupi. Naogopa. Nageuka nirudi nyumbani, njia inazunguka, inanileta mlango uleule. Kitendawili. Tega. Ni kilekile. Nasema ni kimya. Sivyo, nipe mji. Nampa Same, alikozaliwa binti yetu Eliamini, na kilio chake cha kwanza kinafutika kichwani mwangu, na sasa nimebakiwa na nyumba tu, na Nakiete aliye ndani ya nyumba ile. Usinitanie, bwana, namwambia, mimi ni mfiwa. Basi acha kutafuta sauti, anasema. Uliza redio aliishika nani.

Nasimama. Siku kanda ile iliporekodiwa, kanisani hapakuwa na meza ya kuwekea redio kaseti. Nakiete aliikumbatia kifuani mazoezi yote, akarudi nyumbani mikono inamuuma, nikamkanda kwa maji ya moto huku namcheka. Na sasa spika za mbao nyekundu ziko mbele yangu, ndefu kama milango ya kanisa, na kimkwaruzo kile kinakuja kabla ya ubeti. Kwaya yote iko mbali. Kimkwaruzo kiko karibu, karibu kuliko wote. Pumzi, nasema. Ni pumzi. Ni yeye anavuta pumzi. Asiye na uso anainamisha kichwa, na miji yangu inarudi, kilio cha mtoto, kanisa, gauni la mikono mirefu. Namwomba, niache nikae hapa. Nenda, mbishi wangu, anasema, na jina hilo aliniita mtu mmoja tu duniani.

Fundi Mbonea yuko mlangoni, jua limeshapanda. Shikamoo, mzee. Marahaba. Tumeamua zipi? Chukua nyeusi, namwambia. Lakini hizi nyingine zina makelele, mzee wangu. Niachie nayo. Anazibeba nyeusi, anatoka akitikisa kichwa. Nafunga mlango, narudi kitini. Kanda ilikwisha zamani, amplifaya imezimwa, nimeigusa na ni baridi. Ndani ya spika za mbao nyekundu mtu anavuta pumzi. Sijui niko upande gani wa ukuta, na wala sibishi. Nakaa, nangoja aanze.