Turubai Mbele ya Nyumba ya Wayua

Kwa miaka mingi Wathome aliwasimamishia watalii mahema jangwani, kisha yeye mwenyewe akalala kwenye kiti cha lori. Alipostaafu mwaka wa tisini na sita, kampuni ilimuaga kwa hema kuukuu na mabegi mawili ya mgongoni. Tangu hapo hakuwa na wimbo mwingine: kuupanda Mlima Nyiru, kaskazini kabisa, yeye na mkewe, na kulala popote watakapochokea, pasipo lango wala askari.

Wayua hakutaka hata kusikia. "Mtu ana nyumba Kaloleni, aende kulala na fisi?"

"Mama Mutie, magoti haya yamebakisha mlima mmoja. Mwaka ujao utasema twende, nami nitakuwa wa kubebwa."

Hapo moyo ulimlegea. Lakini kuiacha nyumba? Mume akiwa safarini miaka yote hiyo, yeye ndiye aliyeilinda. Akakubali kujaribu tu, jioni moja, kwenye nyasi mbele ya mlango.

Basi Wathome akasimamisha hema, akalifunika kwa turubai kwa sababu lilikuwa limetoboka, akawasha moto wa kuni. Akamwacha mkewe amejilaza ndani, akaenda soko la Burma kununua mbavu za kuchoma. Mzee mzima, anazijua nyota zote za jangwani, akasahau kitu anachokijua kila mtoto wa mtaa: turubai na moto mbele ya nyumba ni matanga.

Jua lilikuwa halijatua Wayua aliposikia mabenchi yakiwekwa chini. Kisha Rispa, jirani wa mlango wa pili, akapiga nduru.

"Wayua wee, umeniachia nani?"

"Mzee nimekutana naye njiani," alisema Gachanja, fundi viatu. "Hata salamu hakuitikia. Amechanganyikiwa."

Wayua alitaka kutoka, aibu ikamshika. Na tuseme ukweli, udadisi pia. Nani asiyetaka kusikia atakavyoliliwa?

"Mathe alikuwa poa," ilisema sauti ya Muturi, kinyozi. "Nikiwa mdogo, buda wangu akiwa job, ni kwake nilikuwa nadishi ugali."

Wayua akajifuta machozi. Kumbe watu hawa walimpenda hivi.

"Mlango wake haukufungwa," Rispa akaendelea. "Maskini, hakuwahi kwenda popote. Miaka yote alikuwa hapo tu."

"Hapo tu," wakaitikia wote.

Walisema kwa wema, na ndiyo maana neno hilo liliuma. Wayua akafungua zipu, akatoa kichwa.

"Rispa, sijafa."

Benchi zima lilianguka na waliolikalia. Wathome aliporudi na mbavu zake alikuta watu wanacheka huku wanalia. Hazikutosha, lakini kila mtu alionja. Wayua akataka kumrudishia Rispa sukari na majani ya chai aliyoleta, naye akakataa katakata.

"Cha msiba sikirudishi kwangu."

"Basi nitakipeleka mlimani," Wayua akasema. "Nawe utanishikia ufunguo."

Wathome alimtazama mkewe, asiamini masikio yake.

Agosti iliwakuta juu ya Nyiru. Chini kule ziwa lilimeremeta, na kwingine kote hapakuwa na paa wala barabara, wala mtu wa kubisha hodi. Wayua alichemsha chai kwa sukari ya Rispa. Kabla ya kunywa akageukia kusini, akamshukuru Mungu kwa Rispa, kwa Gachanja, kwa Muturi, mmoja mmoja kwa jina, na kwa mzee aliyesahau maana ya turubai.

Wathome alikuwa anajikanda magoti. "Kesho tuteremke turudi nyumbani, au?"

Wayua alikitikisa kikopo karibu na sikio.

"Baba Mutie, sukari bado ipo."