Mtekenyo Mezani

Mjukuu wangu alikuwa kwenye mtihani wa mwisho wa ukandaji, na mwili wa kukandwa ulikuwa wangu. Mwalimu alishasema mteja akilalamika, mwanafunzi amefeli. Kwa woga, mtoto akanigusa mbavu kama anayeshika yai, na mguso wa hivyo hutekenya. Nikang'ata taulo, jasho likanitoka.

Akasita. "Mke mwenzangu, nakuumiza?"

Mwalimu akakunja uso. "Mke mwenza?"

"Tunamgombea babu yake," nikasema, kicheko kikaniponyoka, meza ikatikisika.

Mjukuu akaganda. Hata mimi nikajutia ulimi wangu.

"Kicheko si malalamiko," akasema mwalimu. "Malizia nyayo."

Mbavu zangu ni cha mtoto mbele ya nyayo. Lakini safari hii alizikamata kwa nguvu, mtekenyo ukakosa pa kuingilia, akafaulu.